Mtaro Usio na Mwenyewe: Namna Wakazi wa Mtaa Wanavyoweza Kusimamia Huduma Zao

Mtumiaji anapolipa ankara ya maji au umeme, hujua amelipia nini, amemlipa nani, na akidhulumiwa aende wapi. Zipo huduma nyingine ambazo hulipiwa kila mwezi bila uhakika huo: uzoaji wa taka, usafi wa mitaro, ulinzi wa usiku, taa za vichochoroni. Huduma hizi hazimfikii mtu mmoja peke yake. Zikipatikana, hupatikana kwa mtaa mzima. Zikikosekana, aliyelipa na asiyelipa hukaa katika harufu moja. Kwa sababu hiyo haki ya mtumiaji katika huduma za mtaa haiwezi kudaiwa vizuri na mtu aliye peke yake, na makala haya yanahusu namna wakazi wanavyoweza kuidai na kuisimamia kwa pamoja.

Tumeuchagua mtaro wa maji ya mvua kuwa mfano wetu mkuu, na jiji la Dar es Salaam kuwa mahali pake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, na sehemu kubwa yao wanaishi katika makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Huko nyumba hutangulia, njia hufuata, na mtaro huja mwisho ikiwa utakuja. Hata hivyo, mambo tunayoyaeleza yanaweza kutumika Mwanza, Tanga, Morogoro au mji mwingine wowote ambako gari la taka halifiki kila lilipoahidiwa kufika.

Taka za Jumanne, mafuriko ya Aprili

Mnyororo wa mambo ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mzabuni wa taka ameahidi kupita Jumanne na Ijumaa. Jumanne gari halikuja kwa kuwa lilikuwa bovu. Ijumaa lilikuja lakini likaishia barabara kubwa kwa sababu njia ya ndani haipitiki. Mfuko wa taka uliokaa mlangoni siku tano umekwisha kuraruliwa na mbwa. Mwenye nyumba anamlipa kijana wa mkokoteni shilingi chache auondoe, wala haulizi anaupeleka wapi. Kijana hana dampo. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, nje kabisa ya uwezo wa mkokoteni, na mtaro uko nyuma ya nyumba ya tatu.

Masika yanapoanza mwezi Machi, mtaro huo umekwisha kujaa mchanga, chupa za plastiki, nepi na mabaki ya ujenzi. Maji hayana njia isipokuwa kupita uani. Kisha linafuata jambo ambalo kila mkazi wa mabondeni analijua, ingawa si rahisi kulisema hadharani: wapo wanaoingoja mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao, kwa kuwa kukodi gari la kunyonya maji machafu ni gharama. Kinyesi huchanganyika na maji yanayoingia sebuleni na katika visima vifupi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea hadi mikoa mingi ya nchi, na ugonjwa huo hupenda hasa mahali pa namna hii.

Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo ambayo wakazi wengi wa bonde la Msimbazi bado wanayatumia kuhesabia miaka. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, maelfu waliachwa bila makazi, na Serikali ilizihamishia Mabwepande baadhi ya familia. Tangu hapo maji yamerudi mara nyingi, na eneo la Jangwani limefungwa tena na tena kwa magari. Mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo umeidhinishwa. Hata hivyo, mradi wa bonde hushughulika na mto. Kichochoro cha nyuma ya nyumba hubaki kwa wanaokaa hapo.

Mtaro huu ni wa nani?

Swali hili ndilo la kwanza, na mara nyingi halijaulizwa na mtu yeyote mtaani. Malalamiko mengi hupotea kwa sababu yalipelekwa mlango usiohusika, yakakaa mezani kwa afisa asiye na mamlaka wala fedha za kuyashughulikia.

Mitaro iliyo kandokando ya barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS. Ile ya barabara za mitaa na za wilaya iko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mto na kingo zake huingia katika mamlaka ya bodi ya maji ya bonde husika. Kwa Msimbazi, ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, na usimamizi wa taka ngumu imeuweka mikononi mwa serikali za mitaa, yaani halmashauri ya jiji, manispaa au mji wenu.

Unabaki mtaro mdogo upitao kati ya nyumba na nyumba, ambao hakuna wakala aliyeuchora katika vitabu vyake. Huo, kwa vitendo, ni wa wakazi. Kusema hivyo si kuiondolea halmashauri lawama. Tunasema hivyo kwa sababu tumeona mitaa ikingoja miaka mingi mtaro ambao hakuna ofisi inayojua kuwa upo.

Inafaa pia kutofautisha viongozi, kwani wakazi wengi huwachanganya. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Hufanya kazi pamoja na wajumbe wa kamati ya mtaa. Afisa mtendaji wa mtaa si mtu wa kuchaguliwa. Ni mtumishi wa halmashauri, na ndiye mwenye dhamana ya kumbukumbu na utekelezaji. Balozi au mjumbe wa nyumba kumi, ambaye watu wengi humwendea kwanza kwa mazoea, ni kiongozi wa chama cha siasa. Busara yake katika kusuluhisha majirani ni jambo jema, ila hana mamlaka kisheria ya kukusanya ada wala kuingia mkataba kwa niaba ya mtaa. Mamlaka ya mwisho katika ngazi hiyo ni mkutano wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenyekiti asiyeitisha mkutano huo anawanyima wakazi haki yao, na wana haki ya kumwandikia afisa mtendaji wa kata kumtaarifu hivyo.

Hanna Nassif

Wakati mwingine tunaambiwa kuwa watu wa makazi yasiyopimwa hawawezi kujipanga. Jibu letu ni Hanna Nassif, iliyoko Kinondoni, ng'ambo si mbali na bonde hilohilo la Msimbazi. Eneo hilo lilikuwa likifurika karibu kila masika. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 wakazi waliunda kamati yao, na kwa kushirikiana na Halmashauri ya Jiji, Shirika la Kazi Duniani, UNDP na Ford Foundation, mradi wa kujenga mitaro na njia ulianza mwaka 1994.

Jambo lililoutofautisha mradi huo ni namna fedha zilivyopita. Kazi haikupewa kampuni kubwa yenye mitambo. Kamati ya wakazi iliingia mikataba ya kazi, na wakazi wenyewe, wanawake wakiwamo kwa wingi, wakaajiriwa kuchimba, kupanga mawe na kumwaga zege, huku mafundi na wahandisi wakiwaelekeza. Ujira ulibaki mtaani. Aliyechimba mtaro kwa mikono yake alijua unaanzia wapi na unamwaga wapi, na hakuwa mwepesi wa kumtazama jirani akimimina taka humo. Awamu ya pili ilifuata baadaye katika muongo huo, ikisaidiwa na wataalamu wa chuo cha ardhi ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi.

Gharama za matengenezo zilifikiriwa pia. Mapato ya vioski vya maji na ushuru mdogo kwa magari yaliyoingia yalitengwa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo miradi mingi ya mitaa hufia. Kujenga kuna sherehe, kuna wageni, kuna picha. Kuzibua mtaro mwezi Februari, kabla ya mvua, hakuna mgeni anayekuja kukushangilia. Hanna Nassif yenyewe haikusalimika na ugumu huo, kwa kuwa taka ziliendelea kuingia mitaroni na baadhi ya waliokuwa mstari wa mbele walichoka au walihama. Uongozi wa mtaa unaotegemea watu watatu wenye moyo huisha siku watu hao wanapohama.

Fedha za watu wengi

Mchango wa mtaa ni fedha ya mtumiaji sawasawa na ile iliyolipiwa dukani. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaa una kaya 300, na mkutano umekubaliana kila kaya itoe shilingi 2,000 kwa mwezi ili taka zizolewe mara mbili kwa wiki. Katika karatasi, hizo ni shilingi 600,000. Mzabuni amekubali kufanya kazi kwa shilingi 550,000, na kamati inadhani imebakiwa na akiba. Mwezi wa kwanza unapita na zimelipa kaya 240. Zimepatikana shilingi 480,000, yaani pungufu ya shilingi 70,000 kwa malipo ya mzabuni. Hali ikiendelea hivyo kwa miezi mitatu, deni limefika shilingi 210,000. Mzabuni hasemi neno. Anapunguza tu safari. Waliolipa wanaona gari haliji, nao wanaacha kulipa. Mwezi wa sita hakuna gari, hakuna mchango, na mweka hazina anatazamwa kwa jicho la mashaka hata kama hakugusa senti.

Kosa halikuwa wizi. Kosa lilikuwa kupanga matumizi kwa idadi ya kaya zilizopo badala ya idadi ya kaya zitakazolipa kweli. Kamati yenye hekima huanza na hesabu ya chini, hukubaliana na mzabuni kuhusu safari chache zenye uhakika, kisha huongeza baada ya makusanyo kuongezeka.

Wizi nao upo, na dalili zake hufanana kila mahali. Fedha hupokelewa mkononi bila stakabadhi. Mtu mmoja hukusanya, hutunza na hulipa. Daftari "limesahaulika nyumbani" kila siku ya mkutano. Tunashauri kwamba anayekusanya asiwe ndiye anayetunza, na anayetunza asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Fedha ziwekwe katika akaunti ya kikundi, iwe ya benki au ya simu, yenye watia saini wasiopungua watatu wasio wa familia moja. Kila mwezi karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani, zimelipwa kwa nani, zimebaki ngapi. Karatasi hiyo haihitaji mhasibu. Inahitaji mwandiko unaosomeka, na tumeshuhudia ikimaliza ugomvi ambao mikutano minne haikuumaliza.

Ada ya taka inayotozwa na halmashauri ni jambo tofauti na mchango wa hiari wa mtaa, na mtumiaji anapaswa kujua ni kipi kati ya viwili hivyo anaombwa. Ada ya halmashauri hutokana na sheria ndogo. Kiwango chake kimeandikwa, na malipo yake hutolewa stakabadhi ya serikali au hulipwa kwa namba maalumu ya malipo. Mtu akija mlangoni na kitabu cha risiti kilichonunuliwa dukani, akidai ada ya serikali, mwombe kitambulisho na umwelekeze ofisi ya mtendaji kabla ya kumpa chochote. Mchango wa hiari, kwa upande wake, uhai wake ni muhtasari wa mkutano ulioupitisha. Hakuna muhtasari, hakuna mchango.

Vikundi vinavyokopeshana fedha, kama vile vikoba, vinabanwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na vinatakiwa kusajiliwa. Kikundi cha usafi ambacho polepole kimeanza kuwakopesha wanachama wake fedha za taka kimevuka mpaka huo, mara nyingi bila wenyewe kufahamu. Fedha za taka zikae mbali na mikopo.

Mkataba na mzoa taka

Tangu miaka ya 1990, Dar es Salaam ilipoanza kuwaachia watu binafsi uzoaji wa taka, kampuni na vikundi vya kijamii vimekuwa vikigawana kata na mitaa. Baadhi ya vikundi hivyo ni vya wanawake na vijana wa mtaa huohuo, na vingine hufanya kazi nzuri kuliko kampuni zenye magari makubwa, kwa sababu mkokoteni na guta hupita mahali ambapo lori halipiti. Makubaliano mazuri huunganisha viwili hivyo: kikundi hutoa taka vichochoroni hadi kituo cha kukusanyia, na lori la halmashauri au la mzabuni huzichukua hapo kwenda dampo.

Mkataba unapaswa kutaja siku na saa, njia ambazo mzoaji atapita, mahali zitakapopelekwa, na kitakachotokea gari lisipokuja. Kipengele hicho cha mwisho ndicho hukosekana. Tumesoma mikataba inayoeleza kwa kirefu adhabu ya mkazi asiyelipa, isiwe na neno hata moja kuhusu mzoaji asiyezoa. Mtumiaji ana haki ya kudai kuwa safari iliyokosekana ipunguzwe katika malipo ya mwezi, au ifidiwe ndani ya siku zilizotajwa. Ili dai hilo liwe na nguvu, mtu mmoja katika kila kundi la nyumba aandike tarehe gari lilipokuja na lisipokuja. Daftari la shilingi mia tano lenye tarehe halisi lina uzito mbele ya afisa afya wa kata kuliko hasira ya watu hamsini.

Kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu kinachotaka kununua mikokoteni au guta kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili hiyo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza kumwona.

Mpangaji naye ni mkazi

Katika mikutano mingi ya mitaa utawaona wenye nyumba wamekaa mbele, na wapangaji ama wamesimama nyuma ama hawakuitwa kabisa. Wengine husema waziwazi kwamba mpangaji ni mpita njia. Sheria haisemi hivyo; mkutano wa mtaa ni wa wakazi. Na mwenye nyumba aliyehamia Kibaha au Goba, akaacha vyumba kumi vya kupangisha kando ya mtaro, anayajua maji ya mtaro huo kuliko nani?

Jambo hili lina upande wa fedha. Nyumba moja ya vyumba kumi inaweza kuwa na kaya nane. Ada ikitozwa kwa nyumba, mwenye nyumba hulipa shilingi 2,000 kwa taka za kaya nane. Jirani mwenye kaya moja hulipa kiasi hichohicho na kunung'unika. Ada ikitozwa kwa kaya, mpangaji wa chumba kimoja, muuza mboga asubuhi, hulipa sawa na mwenye ghorofa. Kila njia ina dhuluma yake ndogo, na ni mkutano tu unaoweza kuamua dhuluma ipi inavumilika. Mitaa mingine hupanga viwango viwili au vitatu kwa kuangalia ukubwa wa kaya na biashara. Sisi tunapendekeza wapangaji wawe na nafasi zao katika kamati, na kwamba mkataba wa pango utaje ni nani analipa ada ya taka, maana ugomvi wa mwisho wa mwezi huanzia hapo.

Wanawake nao huhudhuria kwa wingi na kusema kwa uchache. Mara nyingi ndio wanaojua gari lilikuja saa ngapi, maji yalifika wapi ukutani, na kisima kipi kilianza kunuka. Mkutano ukiitwa saa kumi na mbili jioni, wakati wa kupika, kamati isishangae kuwakosa.

Kuuchora mtaa

Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu mitaani Dar es Salaam, wakatembea na wakazi wakichora nyumba, njia, mitaro na makalvati katika ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Ramani hizo zinapatikana bure, na zimetumika kupanga namna ya kukabiliana na mafuriko. Siri ya kazi hiyo haikuwa kifaa. Ilikuwa kuwauliza wakaao hapo. Mzee mmoja huweza kuonyesha kwa mkono ukutani maji yalifika wapi, na alama hiyo ikipimwa hugeuka kuwa taarifa ambayo mhandisi anaweza kuitumia.

Mtaa hauhitaji kusubiri mradi. Karatasi kubwa na kalamu tatu za rangi zinatosha kwa kuanza. Chora mitaro yote, hata ile midogo. Weka alama mahali inapoziba, mahali kalvati ni dogo kuliko mtaro unaoingia, na nyumba zenye wazee, wagonjwa au watu wenye ulemavu ambao hawataweza kutoka peke yao usiku. Kisha mpelekeeni nakala afisa mtendaji wa kata na ofisi ya TARURA ya wilaya, na muombe mhuri wa kupokelewa. Ombi lenye ramani hujibiwa kwa njia tofauti na ombi lisemalo "tunateseka".

Ramani hiyohiyo ndiyo itakayotumika siku ya maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka maafa yasimamiwe kwa kamati kutoka taifa kushuka hadi kwenye jamii. Ulizeni kama kamati yenu ipo, na wajumbe wake ni akina nani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kamati iamue mapema kila ngazi inamaanisha nini hapo mtaani. Kwa angalizo, mitaro ikaguliwe. Kwa tahadhari, vitu vya thamani na vyeti vipandishwe juu, na wasiojiweza wajulishwe watahamia kwa nani. Kwa tahadhari kubwa, watu wa nyumba za ukingoni waondoke kabla ya giza, na umeme wa nyumba zinazoingia maji uzimwe. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112. Ziandikwe ukutani kwa rangi, kwa kuwa simu huzimika.

Mambo yasipokwenda

Lalamiko kuhusu taka au mtaro huanzia ofisi ya mtaa, kwa maandishi, likiwa na tarehe na nakala inayobaki kwenu. Lisipojibiwa, hupanda kwa mtendaji wa kata na diwani, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa maji ya bomba, mtumiaji huanza kwa mamlaka ya maji inayomhudumia. Asiporidhika hulipeleka kwa EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji linaweza kumsaidia kuliandaa. Inaposhukiwa kuwa fedha za mtaa zimeliwa, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Tunawaomba wakazi wasiruke ngazi. Barua iliyopelekwa moja kwa moja kwa waziri hurudishwa mtaani kwa maelezo, nayo huchukua miezi kurudi.

Kuna suala la wakati ambalo mitaa mingi hulikosea. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Mtaa unaoomba kalvati mwezi Aprili, maji yakiwa magotini, unaomba katika bajeti iliyokwisha kugawanywa. Mkutano wa kuorodhesha mahitaji ya mtaa ufanyike kabla mwaka wa kalenda haujaisha, orodha iwe fupi, iwe na vipaumbele vilivyopigiwa kura, na ifike katika Kamati ya Maendeleo ya Kata ikiwa na muhtasari na sahihi. Diwani apewe nakala yake mkononi. Kisha, mipango ya halmashauri itakapopitishwa, watu wawili waliochaguliwa na mkutano waende ofisi ya kata kuuliza kama kalvati lao limo, na warudi mtaani wakiwa na jibu, hata likiwa ni hapana.